Injini ya pikapu kuingia kwenye boti ya mbao: jibu kwa msomaji wa Tanga

Msomaji mmoja wa Tanga kaniandikia, nimemfupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Nina boti ya mbao futi 36, tunavua mkondo wa Pemba, tunatoka jioni tunarudi asubuhi. Yanmar yangu ya silinda tatu imekufa na bei ya injini mpya ya boti siiwezi. Nimepata Isuzu 4JB1 iliyotoka kwenye pikapu, inawaka vizuri, na fundi wangu wa magari anasema injini ni injini tu, ataifunga na giaboksi yake hiyohiyo ya gari, maji tutavuta ya baharini yapite ndani ya injini yatoke nje, basi. Kuna mwingine ana 1KZ ya Toyota bei nzuri zaidi. Kwani injini ya boti na ya gari zinatofautiana nini hasa, au ni jina tu wanatuuzia?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na upande ambao fundi wako yuko sawa, manake yupo sawa kuliko wanavyokubali wauza injini. Bloku ya chuma, krenki, pistoni, konrodi, hivyo mara nyingi ni vilevile kabisa. Nanni wa Ufaransa wanachukua bloku za Kubota na za Toyota wanazivalisha nguo za bahari, Beta Marine wa Uingereza nao Kubota, zile Lehman za zamani zilizojaa kwenye boti za Marekani ndani yake ni Ford dizeli ya malori na matrekta, na MerCruiser ya petroli ya lita 5.7 ukiifungua unakutana na Chevrolet V8. Hata hiyo 4JB1 unayoitaka Isuzu wenyewe wanayo ya boti, inaitwa UM4JB1. Kwa hiyo hakuna chuma cha ajabu kinachochimbwa kwa ajili ya baharini. Alipokosea ni hapo anapofikiri kwamba kwa sababu bloku ni moja basi kazi imeisha, wakati kinachokufanya ulipe pesa nyingi kwa injini ya boti ni vitu vyote vilivyoning'inia nje ya bloku, na namna injini yenyewe ilivyopangiwa kufanya kazi.

Tuanze na kazi yenyewe. Hiyo pikapu ikitembea kilomita 80 kwa saa kwenye lami ya tambarare inatumia kama HP 20 hivi kati ya 80 ilizonazo, ikifika mteremko dereva anaachia mafuta, ikifika mjini inasimama kwenye foleni, yaani muda mwingi wa maisha yake injini ya gari imepumzika. Ya boti haina mteremko. We fikiria lori lenye mzigo linapanda mlima Kitonga, sasa fikiria Kitonga haiishi, linapanda tangu magharibi mpaka alfajiri, ndo kazi ya injini yako ukitoka Tanga kwenda mkondoni. Na propela ina tabia yake, nguvu inayodai inapanda kwa haraka sana kuliko mizunguko, ukizidisha mizunguko mara mbili inadai nguvu mara nane. Ukifunga propela ambayo injini inaimaliza kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika na HP 80, basi ukienda 3,000 inadai kama HP 46, ukishuka 2,700 inadai kama 34. Hapo kwenye 2,700 mpaka 3,000 ndo pa kuishi. Ukifunga propela kubwa mno ili "iende sana" injini haifiki mizunguko yake, inavuta mafuta mengi inashindwa kuyachoma, moshi mweusi, joto la eksozi linapanda, na valvu zinaungua huku geji ya maji inakuonyesha kila kitu shwari.

Na kabla hujaendelea kuota HP 80, boti yako hazihitaji. Futi 36 ya mbao, tuseme kwenye mstari wa maji ni futi 32, mwili wake ule wa kukata maji sio wa kupaa juu ya maji, mwisho wake ni noti 7 na nusu, kama kilomita 14 kwa saa, hapo hata ukiweka HP 200 unachimba shimo tu majini nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, na kuchoma dizeli. Kama ina uzito wa tani 7 na mzigo, HP 4 au 5 kwa tani zinatosha, yaani 30 na kitu, uongeze kidogo kwa ajili ya kusi na mkondo. Kwa hiyo 4JB1 inakutosha vizuri sana kwa sharti kwamba uihesabu kama injini ya HP 45, itakula lita 8 mpaka 10 kwa saa ikiwa mwendo huo, na ikiachwa hapo inaweza kukaa miaka.

Utakutana na watu watakuambia mbona injini fulani kwenye boti wameipandisha nguvu kuliko kwenye gari. Kweli ipo. Cummins 6BT ya lita 5.9 kwenye pikapu ya Dodge ya 1989 ilikuwa HP 160, na ndugu yake wa boti za starehe aliuzwa mpaka HP 370. Lakini hiyo ni kwa mtu anayeenda kuvua marlin wikiendi, na turbo yake inapozwa na maji, hewa inayoingia kwenye injini nayo inapozwa na maji ya bahari, nozeli zake na pampu yake sio za pikapu. Hao hao Cummins bloku hiyohiyo wakiiuza kwa boti ya kazi, ya kutembea kutwa nzima, wanaishusha nguvu chini. Ukiangalia karatasi ya injini yoyote ya boti utakuta daraja la kazi limeandikwa, yaani nguvu hiyo ni ya kutumika kwa muda gani, usinunue HP bila kusoma daraja.

Sasa maji, hapa ndo nataka unisikilize vizuri, manake mpango wa fundi wako wa kuvuta maji ya bahari yapite ndani ya bloku ndo utakaokuulia injini kabla ya kitu kingine chochote. Dizeli kwa hesabu ya jumla theluthi ya joto la mafuta inakuwa kazi kwenye shafti, theluthi nyingine inaenda kwenye maji, iliyobaki inatoka na moshi. Ukiwa unatumia HP 45 kwenye shafti una kama kilowati 30 za joto zinazotakiwa kutolewa na maji muda wote usiku kucha. Kwenye gari radieta na upepo vinafanya hiyo kazi, kwenye boti injini imefungiwa chumbani hakuna upepo. Bahari ipo hapo pembeni, inapoza bure, ndo mtu anasema basi tuyapitishe tu. Tatizo maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na yakipashwa kuzidi nyuzi 60 na kidogo, chumvi na chokaa vinaanza kuganda kwenye kuta za ndani za bloku na kwenye hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda. Zikiganda njia zinaziba, pale palipoziba pasipofika maji panachemka, hedi inapasuka. Wenye injini za kupozwa na maji ya bahari moja kwa moja, zipo, wanakwepa hilo kwa kuweka themostati ya nyuzi 60, lakini 4JB1 ilitengenezwa ifanye kazi kwenye nyuzi 80 na kitu, ukiiendesha baridi mafuta hayaungui vizuri, oili inachafuka upesi, silinda zinalika. Yaani ukiiendesha moto inaganda chumvi, ukiiendesha baridi inajitafuna. Na huko ndani kuna vizibo vya bati pembeni mwa bloku, vya gari ni chuma laini, vya injini ya boti vinakuwa vya shaba nyeupe au brasi, vile vya chuma maji ya chumvi yanavitoboa, na kimoja kiko nyuma kabisa kwenye upande wa flaiwili, ukikuta kinavuja unashusha kila kitu.

Injini ya boti ya kawaida inatatua hili kwa kuwa na maji ya aina mbili. Ndani ya bloku yanazunguka maji yasiyo ya chumvi yenye kulanti, kama kwenye gari, na themostati yake ya kawaida. Halafu kuna hiti eksichenja, chombo kama tenki refu lenye vijibomba vya shaba na nikeli ndani, maji ya bahari yanapita ndani ya vijibomba, ya injini yanapita nje yake, joto linahama bila maji kugusana. Maji ya bahari yanasukumwa na pampu ya peke yake yenye impela ya mpira, kigurudumu chenye mapanga, hiyo impela ikizunguka bila maji dakika chache tu inasagika, na vipande vya mpira vinaenda kuziba vijibomba, kwa hiyo ukibadilisha impela iliyokatika tafuta vipande vyote usiseme "vimetoka". Ndani ya eksichenja kuna kijiti cha zinki, kazi yake kuliwa badala ya shaba, kagua kila baada ya miezi miwili mitatu na kikibaki nusu toa. Watu wengi wa pwani wanakiacha mpaka kinaisha afu wanashangaa maji ya chumvi yameingia kwenye kulanti.

Lakini kwa boti yako mimi nisingekwenda huko. Mnatokea kwenye maji mafupi yenye mchanga na matope, maji yakitoka boti inakaa chini, na pampu ya impela na mchanga ni maadui. Kwa boti ya kazi ya mbao ningefunga mabomba ya kupoza nje chini pembeni mwa mkuku, yaani ule uti wa mbao chini ya boti, maji ya injini yenye kulanti yanatoka nje ya boti ndani ya bomba, yanapozwa na bahari inayopita, yanarudi ndani, mzunguko mmoja uliofungwa. Hamna pampu ya maji ya bahari, hamna impela, hamna eksichenja, pampu ya asili ya Isuzu mara nyingi inatosha kuyasukuma kama mabomba ni mapana na kona ni chache. Yalindwe na mbao pembeni ili boti ikikaa chini yasibonyee. Na kama ni ya shaba yaweke mbali na misumari ya chuma ya boti, vikiwa karibu ndani ya maji ya chumvi msumari ndo unaolika, sio shaba, na siku moja ubao unaachia. Mtu wa kukutengenezea mwambie injini ni HP ngapi utakazotumia, asikukatie tu bomba la urefu uliobaki dukani, na uyapake rangi kidogo iwezekanavyo manake rangi na konokono wa bahari vyote vinazuia joto kutoka, utakuwa unayakwangua kila ukivuta boti nchi kavu.

Moshi nao. Manifoldi ya gari, yale mabomba ya kwanza yanayopokea moshi kwenye injini, ni chuma kikavu, ikibeba kazi kwa saa nyingi inafika nyuzi mia kadhaa, kwenye gari upepo unaipoza, kwako iko chini ya sitaha ya mbao kavu iliyokunywa mafuta ya samaki na dizeli miaka yote. Kwenye meli sheria za kimataifa za usalama, SOLAS, zinataka sehemu yoyote ya moto kuzidi nyuzi 220 ambayo mafuta yakipasuka bomba yanaweza kuirukia ifunikwe, we boti yako ndogo hakuna atakayekuja kukupima hivyo lakini dizeli haijui ukubwa wa chombo. Injini za boti zinatumia manifoldi yenye koti la maji, yaani kuta mbili maji yanapita katikati, halafu kwenye elbo, ile kona ya bomba la moshi, maji ya bahari yanamwagwa ndani ya moshi, moshi unapoa papo hapo unatoka kwa hozi ya mpira. Ni mfumo mzuri, kimya, lakini una mtego: ile elbo lazima iwe juu ya mstari wa maji na kama injini imekaa chini ya mstari huo uweke kizuia mvuto kwenye bomba, la sivyo boti ikikaa imezima maji ya bahari yanajivuta yenyewe yanajaza sailensa yanapanda mpaka silinda. Asubuhi unapiga stata, tak, konrodi imepinda, maji hayabanwi. Hivyohivyo injini ikigoma kuwaka usiendelee kuizungusha na stata huku valvu ya maji iko wazi, kila mzunguko unasukuma maji kwenye sailensa na hakuna moshi wa kuyatoa. Kwa wewe ukifunga mabomba ya mkuku utatumia eksozi kavu ya kwenda juu, bomba lote livikwe kitambaa cha fiber cha joto, lipite kwenye sitaha ndani ya kola ya chuma yenye nafasi, liwe na kipande cha kunyumbuka karibu na injini, na juu kizuizi cha mvua. Inapiga kelele, mtazoea.

Tuje kwenye giaboksi ya gari, hii nimeiona sana, wanaiacha namba nne wanaunganisha shafti wanaingia baharini. Kuna mambo mawili hapo. La kwanza ni msukumo. Propela inaposukuma boti mbele, boti inasukumwa na nini? Na shafti. Shafti inasukuma kitu kilichofungwa mbele yake kwa kilo mia kadhaa, muda wote. Giaboksi ya boti ndani yake ina beringi ya kubeba huo msukumo inaupeleka kwenye bodi yake na kwenye mbao za kufungia injini. Giaboksi ya gari haijui habari hiyo, propela shafti ya gari inazungusha tu haisukumi, kwa hiyo mzigo unaingia kwenye vibiringi vidogo vya ndani, na ukipitiliza mpaka kwenye krenki zile pete nyembamba za pembeni zinaisha, krenki inaanza kucheza mbele na nyuma, bloku imekwisha. Ukishikilia kutumia giaboksi ya gari kwa sababu ya pesa basi ufunge beringi ya msukumo ya peke yake kwenye shafti, kwenye mbao nene zilizobanwa na mkuku, na kati yake na giaboksi uweke joenti za kunyumbuka. Hapo angalau injini itapona.

Ila jambo la pili halitibiki. Namba nne ni moja kwa moja, propela inazunguka sawa na injini, mizunguko 3,000, kwa boti nzito hiyo ni mbio za bure, propela lazima iwe ndogo na inakata maji yanakuwa povu. Boti yako inataka giaboksi ya kupunguza 2 na nusu kwa moja hivi, propela kubwa inayozunguka 1,200 taratibu ikishika maji. Na rivasi ya gari uwiano wake ni karibu na namba moja, yaani ukiwa unaingia bandarini na mkondo unakusukuma ukarudisha nyuma, propela inazunguka kama robo ya kasi ya mbele, tena mpaka ukanyage klachi kwanza, boti ya tani 7 haisimami hivyo. Hebu angalia giaboksi ya Yanmar yako iliyokufa. Injini imekufa, je giaboksi imekufa? Kama nzima, soma ile plate, inaandika uwiano na nguvu inayobeba. Ya silinda tatu inaweza ikawa ndogo kwa Isuzu, na ikiwa ndogo usiibembeleze, tafuta iliyotumika ya saizi ya juu, za kampuni kama PRM au ZF, hata za Kichina zipo. Na kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, toa klachi uweke plate ya kati yenye springi, ile inameza mitikisiko ya dizeli isiende kuvunja meno ya gia.

Adapta ya kuunganisha injini ya gari na giaboksi ya boti ichongwe kwenye mashine ya lethi na mtu anayejua kupima, katikati iwe katikati. Halafu alaimenti, yaani kunyoosha kaplingi (kiungo cha giaboksi) na shafti ziwe mstari mmoja, hapa mafundi wa magari wengi hawajazoea kwa sababu gari ina joenti zinazosamehe. Kaplingi ya shafti ya boti inapimwa kwa fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia nafasi, kuzunguka pande nne, tofauti isizidi sehemu ya kumi ya milimita kwa kaplingi ya milimita 100. Na upime boti ikiwa ndani ya maji, imekaa siku mbili tatu imeshalewa maji mbao zimevimba, manake boti ya mbao nchi kavu na boti ya mbao majini ni maumbo mawili. Ukiipima juu ya magogo ukafunga ukaondoka, glandi, pale shafti inapotokea nje ya boti, itavuja na beringi ya tezini itakula upande mmoja.

Gavana watu hawaiulizi kabisa. Kwenye gari dereva ndo gavana, mguu wake unaongeza unapunguza, na pampu za dizeli za malori baadhi zinadhibiti sailensi (mizunguko ya chini injini ikiwa haina mzigo) na kikomo cha juu tu, katikati ni mguu. Kwenye boti unaweka mkono mahali pamoja unaenda kuvuta nyavu. Sasa kusi imekaza, tezi inanyanyuka, propela inatoka nusu nje ya maji, mzigo unaondoka ghafla na injini inapiga kelele kupanda, ikirudi majini inakabwa. Gavana ya boti inashikilia mizunguko ileile mzigo uwepo usiwepo. Peleka pampu yako kwa mtu wa pampu za dizeli mwenye benchi, mwambie ni ya boti, aangalie ni ya aina gani na aikate kwenye kikomo unachotaka, wakati huohuo apunguze mafuta kidogo. Ni pesa ndogo ukilinganisha na kilichobaki.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini: injini ya boti inakaa imeinamia nyuma, nyuzi 10 mpaka 15 sio ajabu, na baharini inalala kushoto na kulia juu yake. 4JB1 zilitoka na sampu za maumbo tofauti kulingana na gari, nyingine shimo lake liko mbele. Ukiifunga ya shimo la mbele imeinamia nyuma, oili inakimbilia nyuma na mfyonzo uko mbele unavuta hewa. Tafuta sampu yenye shimo nyuma, au chomelea. Diposti, kijiti cha kupimia oili, nayo itadanganya, ikishafungwa kwenye mwinamo wake mimina oili kwa kipimo cha lita za kitabu, chomeka diposti, chora alama mpya. Kubadilisha oili huwezi kufungua nati ya chini manake chini kuna ngama, yaani shimo la chini kabisa la boti linapokusanyika maji, utavuta kwa pampu ya mkono kupitia tundu la diposti. Na sampu ya bati juu ya maji ya ngama inatoboka kwa kutu, ipake rangi nzuri kabla ya kuifunga.

Mengine ni madogo. Dizeli ipitie chujio la kutenganisha maji kabla ya filta ya Isuzu, mawimbi yanakoroga takataka zote za chini ya tenki na injini inazima wakati mbaya. Nyaya ziwe zilizopakwa bati, alteneta na stata zikae juu kadiri inavyowezekana. Chumba kiwe na tundu la hewa kuingia na jingine kutoka.

Kuhusu 1KZ mdogo wangu achana nayo. Ni injini nzuri kwenye Prado, lakini hedi yake ni aluminiamu na inajulikana kwa kupasuka ikipata joto hata kwenye gari, ina mkanda wa taimingi ambao hewa ya chumvi na mvuke wa oili hauupendi, ina turbo ya kavu chini ya sitaha ya mbao, na 1KZ-TE ina kompyuta. 4JB1 hedi ni ya chuma, taimingi ni gia, pampu ni ya kimakanika, haihitaji kompyuta. Na spea zake unazipata mjini palepale. Canter 4D32 au 4D33 nazo ni za gia, ni nzito zaidi lakini kwa boti ya mbao uzito chini sio dhambi.

Na kwa kuwa kuna watakaosoma hapa wenye injini za petroli za gari wanataka kuziweka ndani ya boti: hapana, hapo sina njia ya kati. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unakaa kwenye ngama hauondoki, na stata, alteneta, distribyuta za gari zote zinatoa cheche wazi. Za boti zimefungwa zisitoe cheche nje, kabureta ina kizuia moto na ikifurika inamwagia ndani ya koo lake isimwage nje, na hata hivyo Marekani mtu anaambiwa awashe feni ya kunyonya hewa dakika 4 kabla ya kupiga stata. Gari inamwaga petroli barabarani upepo unapeleka, boti ni beseni.

Pesa sasa. Ukijumlisha mabomba ya mkuku, giaboksi, adapta, propela mpya, bomba la moshi na kazi ya lethi, usishangae vikizidi bei ya hiyo Isuzu yenyewe. Bado utakuwa chini ya injini mpya ya boti, ila sio chini kwa kiasi alichokuambia fundi wako. Kwa sababu hiyo kabla hujatoa hata shilingi fungua Yanmar. Hujasema imekufaje. Kama ni hedi au silinda moja, kufufua kunaweza kuwa nafuu kuliko haya yote, manake eksichenja, giaboksi, manifoldi ya maji, vyote tayari unavyo. Kama krenki imekatika au bloku imetoboka, basi twende na Isuzu, na vifaa vya Yanmar usiviuze kwanza.

Nitumie picha ya plate ya giaboksi, kipenyo cha shafti, na nafasi uliyonayo kati ya bomba la shafti na sakafu ya boti pale propela inapozunguka, hiyo ndo itatuambia propela kubwa kiasi gani inaingia. Na uangalie propela ya zamani inazunguka kulia au kushoto ukiitazama kwa nyuma, Isuzu na giaboksi nyingine inaweza kukugeuzia ukakuta boti inarudi nyuma ukiweka mbele.